SIKU 30 ZA MFANYAKAZI
Hotuba iliyosomwa Itumba mbele ya wanachama wa Ileje



Tumetakiwa kusema habari za sheria ya kazi, haki za vyama vya wafanyakazi, na hukumu ambazo mahakama zimetoa juu ya mambo hayo. Twajua wako wanaofikiri kwamba hayo ni mambo ya mawakili wa Mbeya na Dar es Salaam, wala hayafiki huku milimani kwetu. Basi tutaanza na jambo lililotokea hapa hapa Itumba.

Siku si nyingi alikuja ofisini kwetu mlinzi mmoja. Jina lake hatutalitaja, wala la tajiri wake, maana hatukuitana hapa kusutana. Alikuwa amelinda ghala miaka minne, usiku kucha, na koti la mvua alilojinunulia mwenyewe. Jioni moja akapigiwa simu akaambiwa, "Kesho usije." Alipouliza kosa lake, simu ikakatwa. Akakaa nyumbani akingoja kuitwa, kwa kuwa alidhani hasira za tajiri zitapoa. Zilipokuwa hazipoi akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha kwa mchungaji, kisha kwa tajiri mwenyewe kuomba msamaha wa kosa asilolijua. Mwisho akaja kwetu. Tukahesabu naye siku katika kalenda ya ukutani, tukaona ya kwamba ile ilikuwa siku ya 47.

Ndugu, hapo ndipo penye shida. Sheria inampa mtu aliyeachishwa kazi siku 30 za kupeleka malalamiko yake. Mlinzi wetu alizimaliza akiwa anaomba radhi.

Sasa sikilizeni sheria inavyosema. Bunge lilitunga Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, nayo ikaanza kutumika mwishoni mwa 2006. Mwaka 2007 ikaanza kazi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko ndiko malalamiko ya kazi hupelekwa kwanza. Asiyeridhika na uamuzi wa Tume huomba marejeo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, na kutoka huko aweza kwenda Mahakama ya Rufani kwa jambo la kisheria tu. Tangu hapo sheria hiyo imerekebishwa mara kadhaa na vifungu vyake vimepangwa upya, kwa hiyo mwenye kitabu cha zamani asishangae akikuta namba hazilingani.

Katika sheria hiyo mwajiri hana ruhusa ya kumwachisha mtu kazi ila awe na mambo mawili kwa pamoja: sababu iliyo halali, na utaratibu ulio wa haki. Mfanyakazi akiisha kuonyesha kwamba aliachishwa, mzigo wa kuthibitisha haki wahamia kwa mwajiri. Yaani mlinzi wetu hana haja ya kuleta mashahidi wa kusema kwamba hakuiba, hakulala, hakutukana mtu. Ni tajiri ndiye asimame aeleze kosa lilikuwa lipi, uchunguzi ulifanywa vipi, na kikao kilikaa siku gani. Kanuni zilizotolewa 2007 zinataka mfanyakazi aelezwe tuhuma zake na apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, tena aruhusiwe kuingia kikaoni na mwakilishi wa chama chake cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Simu haikutajwa.

Na jambo hili la kutoa sababu ni la zamani kuliko sheria ya 2004. Lipo shauri lililochapwa katika taarifa za hukumu za mwaka 1994, la mtumishi mmoja aliyestaafishwa na Serikali "kwa manufaa ya umma", bila kuelezwa manufaa yenyewe ni yapi. Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alisema kwamba kumpa mtu sababu ni sehemu ya haki ya asili, na uamuzi uliotolewa bila sababu hausimami. Basi ikiwa Serikali nzima, yenye majeshi na mihuri, ililazimishwa kutoa sababu, ataponaje tajiri wa ghala moja?

Lakini haki hiyo kubwa ina mlango mdogo, na mlango wenyewe ni tarehe. Madai ya kuachishwa kazi yana siku 30. Madai mengine ya kazi, kama mshahara usiolipwa, yana siku 60. Aliyechelewa hafukuzwi moja kwa moja. Aweza kuiomba Tume imwongezee muda. Ila atatakiwa kueleza kwa nini alichelewa, na Mahakama ya Rufani imekwisha kusema, tena mara nyingi, kwamba hata siku moja ya kuchelewa lazima itolewe maelezo. Kusema "nilikuwa nahangaika" hakutoshi. Tulikaa na mlinzi wetu tukazipitia siku zile 17, kuanzia ya 31 hadi ya 47. Siku sita alikuwa hospitalini na mtoto, na cheti anacho. Siku 11 zilizobaki hana karatasi yoyote, ana mdomo wake tu. Kama yule mchungaji angeandika mistari miwili yenye tarehe, leo tungekuwa na nguvu zaidi.

Tena angalieni fomu yenyewe, ile Fomu Na. 1 ya Tume. Wengi huijaza kwa hasira, wakatia alama kila mahali. Mahakama Kuu pale Mbeya imewahi kueleza kwamba sehemu B ya fomu hiyo ni ya wanaodai kuachishwa isivyo halali, wala si ya kila dai. Mwalimu wa shule ya binafsi aliyevunjiwa mkataba wa miaka miwili, na kibarua wa miaka minne asiye na mkataba wa maandishi, hawadai jambo moja, na aliyejaza dai lisilo lake aweza kushindwa ingawa ameonewa kweli. Kisha nakala apewe mwajiri, na uthibitisho wa kuipokea uwekwe. Mambo haya ni madogo, lakini mashauri mengi yameangukia hapo.

Tusije tukawadanganya kwamba kila anayeshinda hupata mali. Sheria ilivyotungwa 2004 ilisema aliyeachishwa isivyo halali aweza kurudishwa kazini, au kulipwa fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12. Watu wakashika hiyo 12 kama ahadi. Ikaja Mahakama ya Rufani, katika Rufani ya Madai Na. 213 ya 2019 iliyotoka Bukoba, ikakubali kwamba pale ambapo sababu ya kumwachisha mtu ilikuwa halali na kilichokosekana ni utaratibu tu, fidia yaweza kuwa chini ya hapo, na mfanyakazi yule akabaki na miezi 3. Sisi hatuipendi hukumu hiyo, maana inampunguzia tajiri hofu ya kuruka utaratibu. Lakini ni hukumu ya mahakama ya juu, nasi tunaieleza kama ilivyo ili mtu asikope kwa kutegemea fedha ambazo hazijatamkwa.

Tena kuna hila moja ya siku hizi. Mfanyakazi akishitaki, tajiri husema, "Huyu si mfanyakazi wangu, ni kibarua tu, alikuwa akisaidia." Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, imeweka dalili za kumtambua mwajiriwa, na ikipatikana moja tu inatosha kumhesabu kuwa mwajiriwa mpaka tajiri athibitishe vingine. Mojawapo ni kwamba mtu amemfanyia kazi huyo tajiri wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Mlinzi wa usiku hutimiza saa hizo kwa siku nne. Jambo la kukumbuka ni kwamba aliye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo mmoja hakingwi na vifungu hivi vya kuachishwa kazi isivyo halali.

Madereva wa malori wa njia ya Tunduma wanalijua jambo la karatasi kuliko sisi. Mwezi Aprili na Mei 2015 madereva wa nchi nzima waligoma, na moja ya malalamiko yao lilikuwa kwamba wanasafirisha mali za mamilioni bila mkataba wa maandishi mkononi. Sheria ilikwisha kumtaka mwajiri aandike masharti ya kazi, na ikaongeza kwamba shauri likifika mbele, naye akashindwa kuonyesha maandishi, basi mzigo wa kuthibitisha masharti yale ni wake. Kwa hiyo, dereva, ukinyimwa mkataba usidhani umenyimwa kila kitu. Weka risiti za safari, weka ujumbe wa simu, andika tarehe.

Ndugu, sasa twaja kwenye vyama vya wafanyakazi, na hapa mtatuvumilia turudi nyuma kidogo.

Wazee mlioko mbele mnakumbuka habari za Wenela. Miaka ya 1950 vijana wengi wa Undali na Rungwe walikwenda Johannesburg kwa mkataba wa Wenela, na wengine wakavuka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Mkataba ulitiwa kidole gumba, na mwenye kidole hakujua kilichoandikwa juu yake. Kule Afrika Kusini sheria ya 1924 ya mambo ya viwanda ilikuwa imemtoa Mwafrika mwenye pasi katika maana ya neno mwajiriwa. Fikirini hilo. Mtu yuko chini ya ardhi anachimba dhahabu ya wenyewe, lakini mbele ya sheria si mwajiriwa. Agosti 1946 wachimbaji zaidi ya 60,000 waligoma wakitaka shilingi 10 kwa siku, wakarudishwa shimoni kwa marungu na risasi. Serikali yetu ya uhuru ikakomesha Wenela kuchukua watu hapa. Wenyewe wa kule waliendelea kupigana, hata mwaka 1979 sheria yao ikaingiza maneno mapya, vitendo vya kazi visivyo vya haki, na mahakama yao ya viwanda ikaanza kuwarejesha kazini watu waliofukuzwa. Ubaguzi ulipoanguka wakatunga sheria yao ya 1995. Anayeisoma hiyo pamoja na yetu ya 2004 ataona undugu: Tume, usuluhishi wa siku 30, mzigo kwa mwajiri. Babu zetu waliokohoa vumbi la Joni hawakuiona haki hiyo, ila wamo katika historia yake.

Na hapa nyumbani? Mwaka 1950 makuli wa Dar es Salaam waligoma, na chama chao kikavunjwa kwa amri ya Mahakama Kuu. Hiyo ndiyo mahakama waliyoijua wazee wetu. Mwaka 1955 kikaundwa chama cha muungano wa vyama vya wafanyakazi, TFL, na Katibu Mkuu wake wa kwanza akawa Ndugu Rashidi Kawawa. TANU na TFL zilikuwa kama mkono wa kulia na wa kushoto. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia walipogoma 1958, TANU iliwataka watu waiache bia, nao wakaiacha. (Wako waliosema hilo ndilo lililokuwa jambo gumu kuliko yote katika kudai uhuru.)

Hapa tutasema jambo ambalo katika mikutano ya Chama halisemwi sana. Uhuru ulipopatikana, sisi wa Chama tuliukata mkono mmoja. Januari 1962 Tanganyika iliridhia Mkataba Na. 98 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa haki ya wafanyakazi kujipanga na kujadiliana na waajiri. Na mwaka huo huo zikatungwa sheria zilizofanya mgomo halali uwe karibu hauwezekani. Januari 1963 Victor Mkello, aliyekuwa rais wa TFL na kiongozi wa wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, alihamishwa kwa amri pamoja na mwenzake Sheha Amiri, wakapelekwa kukaa Sumbawanga. Mnaijua njia hiyo. Inaanzia pale Tunduma. Mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi, TFL ikavunjwa, ikaundwa NUTA. Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais, na wa kwanza alikuwa Waziri wa Kazi mwenyewe, Michael Kamaliza. Mfanyakazi akienda kulalamika juu ya Wizara, alimkuta Waziri amekaa kiti cha chama chake.

Hatusemi kwamba mwaka 1964 haukuwa na jema. Sheria ya usalama wa kazi iliyotungwa mwaka huo ilimzuia tajiri kumfukuza mtu ovyo, na wazee wengi walinusurika kwayo. Lakini iliyaondoa mashauri ya kufukuzwa katika mahakama za kawaida, na neno la mwisho likawa la Waziri. Tulimwekea mfanyakazi mlezi badala ya kumwachia haki. Mkataba Na. 87, wa uhuru wa kuunda vyama, tuliuridhia mwaka 2000, yaani miaka 38 baada ya ule Na. 98. Twayasema haya kwa kuwa hata leo wako wanachama wanaodhani kazi ya Chama ni kumchagulia mfanyakazi kiongozi. Aliyekata mkono asiombe sasa apewe na ule mwingine.

Leo sheria inasema watu 20 waweza kusajili chama cha wafanyakazi. Wala si lazima kuanzisha kipya: wa mashamba ya kahawa wanacho TPAWU, wa mahoteli na wa majumbani CHODAWU, wa migodini TAMICO, wa uchukuzi COTWU, wa viwanda na biashara TUICO. Hata wanachama wawili watatu mahali pa kazi wana haki ya kuwa na mwakilishi mmoja. Kumwachisha mtu kwa sababu ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi si sababu halali hata kidogo. Hapa Itumba walimu na watumishi wa Halmashauri wana vyama vyao. Walinzi, wahudumu wa nyumba za wageni, wauza maduka na walimu wa shule binafsi wengi wao hawana. Na vyama vyenyewe navyo tunaviambia: ada inakatwa kila mwezi bila kukosa, lakini kiongozi huonekana huku mara ngapi?

Mgomo tutausema kwa ufupi. Ni haki ya kisheria, lakini una ngazi zake: kwanza usuluhishi wa siku 30, kisha kura ya wanachama, kisha taarifa ya saa 48 kwa mwajiri. Aliyezipanda zote hawezi kufukuzwa kwa kugoma, ingawa mwajiri halazimiki kumlipa siku za mgomo. Mwaka 2012 walimu wa nchi hii walianza mgomo tarehe 30 Julai. Madai yao yalikuwa ya kweli, kila mwenye mtoto shuleni aliyajua. Tarehe 2 Agosti Divisheni ya Kazi ikasema mgomo ni batili kwa kuwa utaratibu wa sheria haukufuatwa, na moja ya mambo yaliyozungumzwa ni zile saa 48. Siku nne tu. Walimu wakarudi madarasani na madai yao wakiwa nayo mkononi.

Sasa turudi kwa mlinzi wetu, maana bado hatujawaambia jambo moja.

Tulipompelekea tajiri nakala ya fomu, alitupokea vizuri, akatupa viti, akafungua droo akatuonyesha kadi ya Chama. Ada amelipa zote. Akasema, "Ndugu zangu, mimi ni mwenzenu, mbona mnanipiga?" Tulimjibu kwamba kadi ile si risiti ya mshahara. Hakufurahi. Wako wenzetu katika kamati ambao pia hawakufurahi, wakasema mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani, na kwamba mtu huyu huchangia mikutano. Ni kweli huchangia. Hata viti mlivyokalia baadhi ni vyake.

Basi tuulizane humu ndani, sisi wenye kadi. Nani ana mtoto wa watu jikoni kwake, hajamwandikia karatasi yoyote? Nani ana msaidizi dukani anayelipwa siku tajiri akikumbuka? Nani amemwachia dereva lori lake akamwambia mkataba ni kuaminiana? Tunasimama jukwaani tunalaani wanyonyaji, na mtu anayepika chakula cha mkutano hajui mshahara wake wa mwezi ni kiasi gani. Kamati imeamua, kwa kura na si kwa kelele, kwamba kila mwanachama mwenye mwajiriwa alete kwa Katibu nakala ya masharti ya kazi aliyomwandikia. Walioipinga walikuwa wengi kuliko tulivyotazamia.

Shauri la mlinzi liko mbele ya Tume, na hatutalisemea hapa. Tajiri wake amealikwa kwenye usuluhishi kama mwajiri mwingine yeyote, nasi tutakwenda na mlinzi kama wenzake, si kama mahakimu.

Katibu anazo fomu mezani, za malalamiko na za kuomba kuongezewa muda. Wenye tarehe zao kabla ya mwisho wa mwezi wabaki baada ya mkutano, waje na karatasi zozote walizo nazo, hata za hospitali. Asiyejua kuandika ataandikiwa, kisha asomewe kabla ya kutia kidole.